Bima ya Gari ya Kuingia Meksiko Imepanda: Iweke Kwenye Bei ya Mzigo Kabla Haijakula Faida Yako

Leo tunaongea zaidi na ndugu zetu walioko Marekani upande wa kusini: San Diego, Tucson, Phoenix na miji ya Texas. Huko wasemaji wa Kiswahili wapo wengi, kuanzia Wakongo na Warundi mpaka Wakenya na Watanzania. Na kwa mtu anayeuza mtandaoni, mpaka wa Meksiko ni kama duka la jumla lililo jirani. Unavuka asubuhi na gari lako, unachukua vyungu na viti Rosarito, au mazulia na vitu vya ngozi Nogales. Jioni umerudi, unapiga picha, unaposti, oda zinaanza kuingia.

Na wewe uliyeko Dar, Nairobi au Lubumbashi usitoroke. Hesabu iliyopo huku chini ni ile ile ya anayevuka Namanga, Tunduma au Kasumbalesa kufuata mzigo.

Tatizo ni hili. Miaka ya karibuni bima ya kuendesha gari Meksiko imepanda, na wauzaji wengi wadogo bado wanaihesabu kama hela ya soda. Wanapiga hesabu ya mzigo, wanapiga hesabu ya mafuta, halafu bima wanailipa mfukoni na kuisahau. Mwisho wa mwezi mauzo yapo lakini hela haionekani. Wengine wakaona bora waiache kabisa. Hapo ndipo mtu anaweza kupoteza gari, mtaji na uhuru wake kwa siku moja.

Twende taratibu.

KWANZA: BIMA YAKO YA MAREKANI HAIKUSAIDII KULE

Huku kwetu dereva anayetoka Kenya kwenda Uganda, Rwanda au Kongo anaijua Kadi ya Njano ya COMESA. Unaikata nyumbani, na nchi wanachama wanaitambua ukigonga mtu. Tanzania ilijitoa COMESA lakini kwenye mpango wa kadi hiyo bado imo.

Kati ya Marekani na Meksiko hakuna kitu kama hicho. Bima yako ya Marekani, hata iwe kubwa namna gani, mamlaka za Meksiko haziipokei kama uthibitisho kwamba utawalipa uliowaumiza. Kuna kampuni chache za Marekani zinazokubali kulipia uharibifu wa gari lako ukiwa karibu na mpaka, lakini hiyo ni kwa ajili ya gari lako wewe. Yule uliyemgonga, Meksiko inataka alipwe na kampuni yenye leseni ya Meksiko.

Na siyo hiari. Sheria ya barabara kuu za shirikisho kule inataka kila gari liwe na bima ya kuwalipa wengine. Utaratibu ulianza kwa awamu mwaka 2014 kwa magari mapya zaidi, na kufika 2019 ukawa umeyagusa yote. Majimbo nayo yana sheria zao.

Kitu kingine cha kujua: ajali ikitokea na mtu akaumia au kufa, mamlaka za kule zinaweza kukushikilia mpaka ijulikane nani ana makosa na nani analipa. Ndiyo maana bima nzuri ya Meksiko inakuja na wakili na dhamana ndani yake. Usipokuwa nayo, unatafuta wakili ukiwa ndani, kwa lugha usiyoijua, na mzigo wako umebaki kwenye gari lililoshikiliwa.

KWA NINI BEI INAPANDA

Wengi wanadhani wanaouza bima mpakani wanajipandishia tu. Kuna sababu za kweli, na ukizijua utaacha kusubiri bei irudi ya zamani.

Sababu ya kwanza ni fidia ya kifo. Mwishoni mwa 2012 Meksiko ilibadilisha sheria yake ya kazi. Fidia ya mtu aliyekufa ikatoka siku 730 za mshahara mpaka siku 5,000. Sasa, sheria ya madai ya shirikisho inachukua zile siku na kuzizidisha mara nne kwa kipimo cha chini cha mshahara. Piga mwenyewe: zamani vipimo 2,920, sasa vipimo 20,000. Tuseme kwa mfano kipimo ni peso 100. Mtu mmoja akifariki ni peso milioni 2. Wakifariki watatu ni milioni 6, bado hujagusa matibabu ya waliobaki. Majimbo yana namna zao za kukokotoa, lakini kampuni za bima zinapanga bei kwa kuangalia hatari kubwa zaidi. Ndiyo maana wauzaji wengi wa bima wakaacha kupendekeza kinga ya dola 300,000 wakaanza kupendekeza 500,000.

Sababu ya pili ni mishahara. Mwaka 2018 mshahara wa chini wa siku Meksiko ulikuwa peso 88.36. Mwaka 2025 ulifika 278.80, na kwenye ukanda wa mpaka wa kaskazini, kule kule unakokwenda wewe, ulikuwa 419.88. Ni jambo jema kwa wafanyakazi wa kule. Lakini mishahara ikipanda, gharama za gereji na za kuvuta magari nazo zinasogea, na mwenye bima analipa.

Sababu ya tatu ni spea. Baada ya korona magari na spea vilipanda bei dunia nzima, na magari ya sasa yana kamera na vihisio hata kwenye bampa. Bampa ambalo zamani lilikuwa kipande cha plastiki, leo likivunjika linakwenda na vifaa vyake vyote.

Sababu ya nne ni nguvu ya peso. Kampuni ya Meksiko inalipa gereji na hospitali za kule kwa peso, lakini wewe mara nyingi unakata bima kwa dola. Miaka ya 2021 na 2022 dola moja ilikuwa kwenye peso 20 hivi. Mwanzoni mwa 2024 ikashuka chini ya 17. Zile peso milioni 2 za mfano wetu, kwa 20 ni dola 100,000. Kwa 17 ni karibu dola 117,600. Deni ni lile lile, dola zimeongezeka. Baadaye peso ililegea tena, lakini bei za bima haziteremki haraka kama zinavyopanda. Hilo unalijua hata kwa nauli za daladala.

Juu ya yote kuna kodi ya ongezeko la thamani ambayo Meksiko kwa kawaida ni 16%, na kuna ada ya kutoa hati yenyewe. Hiyo ada ya hati ndiyo inafanya bima ya siku moja ionekane ghali. Ukate siku moja au siku nyingi, kuna gharama ambayo haigawanyiki.

HAPA NDIPO MUUZAJI ANAPOPIGWA

Sasa msikilize vizuri mdau, kwa sababu hili ndilo kubwa kuliko bei.

Bima nyingi zinazouzwa mpakani ni za watalii. Zimeandikwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kula samaki Ensenada au kumwona daktari wa meno Los Algodones. Matumizi binafsi. Wewe unayerudi na vyungu 40 vya kuuza, kwa macho ya kampuni unaweza kuhesabika kuwa ulikuwa kazini na gari lako. Hati nyingi zinasema wazi kwamba gari likitumika kibiashara, hawalipi.

Kwa hiyo unaweza kuwa umelipa bima kila safari kwa uaminifu, halafu siku ya ajali ukaambiwa karatasi yako haina kazi. Umelipa ghali na hukununua kitu.

Usidanganye kwenye fomu ili upate bei ya mtalii. Anayekuja kuangalia ajali atapiga picha gari lako lote, na mzigo unaonekana. Uliza kabla ya kulipa, kwa maandishi: "Ninanunua bidhaa Meksiko na kuziuza Marekani, nabeba kwenye gari langu. Hati hii inanilinda?" Jibu litunze kwenye simu. Wakisema hapana, tafuta kampuni nyingine au badilisha namna ya kuchukua mzigo. Njia tutaziona huku chini.

Mambo mengine manne ya kusoma kabla hujalipa:

1. Mzigo wenyewe. Bima ya gari inalinda gari na watu. Vyungu vikivunjika au vikiibiwa ndani ya gari, usitegemee bima ya gari ikulipe.

2. Trela. Kama unavuta katrela kadogo, lazima kaandikwe kwenye hati. Kasipoandikwa unaweza kukosa malipo, hata kwa ajali iliyosababishwa na trela hiyo.

3. Kiasi unachobeba mwenyewe. Kwa Kihispania kinaitwa "deducible". Katika soko la Meksiko cha kawaida ni 5% ya thamani ya gari likiharibika, na 10% likiibiwa. Gari la dola 12,000 likiibiwa, dola 1,200 ni zako. Hati za watalii mara nyingine zina kiasi maalumu badala ya asilimia, kwa hiyo soma.

4. Wizi wa vipande. Kuibiwa gari zima na kuibiwa taa, matairi au kioo cha pembeni ni vitu viwili tofauti. Hicho cha pili mara nyingi unakinunua zaidi.

Na kama gari bado lina mkopo, mwenye mkopo anaweza kutaka uwe na bima kubwa ukivuka, au hata ruhusa yake ya maandishi. Gari la kukodi ndiyo kabisa, usilivushe bila ruhusa ya mwenye nalo.

TUPIGE HESABU

Namba hizi ni za mfano tu, weka za kwako.

Tuseme dada mmoja anatoka San Diego kwenda Rosarito, anachukua vyungu 40 kwa dola 12 kimoja. Hiyo ni dola 480. Mafuta dola 45. Barabara ya kulipia na maegesho dola 10. Bima ya siku moja dola 35. Jumla 570. Gawanya kwa 40, kila chungu kimemgharimu dola 14.25 kabla ya boksi na posta.

Akihesabu mzigo na mafuta tu, anaona chungu kimoja ni dola 13.13. Tofauti ni dola moja na senti. Ndogo? Kwa vyungu 40 ni dola 45 kila safari. Akienda mara mbili kwa mwezi, kwa mwaka ni dola 1,080 ambazo anadhani ni faida na siyo faida.

Sasa angalia bima peke yake. Kwa vyungu 40, dola 35 ni kama senti 88 kila kimoja. Akienda kuchukua vyungu 12 tu kwa sababu kuna mteja ana haraka, bima inakuwa dola 2.92 kwa chungu. Bima ikipanda ifike dola 50, kwa vyungu 40 ni dola 1.25 na kwa vyungu 12 ni dola 4.17.

Umeona? Kupanda kwa bima kunamuumiza zaidi anayevuka mara nyingi na mzigo mdogo. Anayevuka mara chache na gari limejaa, haumii sana. Bei ya bima huna uwezo nayo, ila idadi ya safari unaipanga wewe.

NJIA ZA KUPUNGUZA BILA KUJICHOMA

Kusanya oda. Badala ya kukimbia kila mteja akiposti "nataka", weka siku ya safari. Mwambie mteja mapema: mzigo unafuatwa tarehe fulani, lipia nusu sasa. Wateja wakizoea ratiba wanaisubiri, na wewe safari nne zinakuwa mbili.

Linganisha siku na mwaka. Gawanya bei ya bima ya mwaka kwa bei ya siku moja. Kama mwaka ni dola 420 na siku ni 35, ukivuka zaidi ya siku 12 kwa mwaka ya mwaka imekulipa. Anayevuka siku 24 kwa bei ya siku analipa 840, mara mbili. Ila hakikisha ya mwaka nayo inakubali kazi yako.

Pima bima ndogo na bima kubwa. Gari la zamani la dola 2,500, pengine bima ndogo inatosha, kwa sababu gari lenyewe ukilipoteza unaweza kuvumilia. Lakini kwenye kinga ya kuwalipa wengine, inayoandikwa "responsabilidad civil", usibane. Ukumbuke vile vipimo 20,000 kwa kila aliyekufa. Punguza kwenye bati la gari lako, usipunguze kwenye uhai wa mtu mwingine. Na sehemu ya wakili na dhamana usiiache hata ikiwa ni ya kulipia zaidi.

Ingia kwa miguu. Kwa mzigo mwepesi kama hereni, vitambaa au mikoba, egesha gari upande wa Marekani, vuka kwa miguu pale San Ysidro au Nogales, rudi na begi lako. Bima ya gari haihitajiki kabisa. Maegesho ya siku mara nyingi ni nafuu kuliko bima.

Mwachie wa kule alete. Baadhi ya mafundi na wauzaji wa jumla wana mtu wao wa kuvusha mzigo mwenye karatasi zote za biashara. Omba bei yake uiweke pembeni ya jumla yako ya mafuta, bima, barabara na siku yako nzima ya foleni. Usisahau siku yako. Saa tatu za foleni ni saa tatu ambazo hukujibu wateja.

Nunua kabla ya kufika mpakani. Ukiwa nyumbani unalinganisha hati tatu nne kwa utulivu. Ukiwa kwenye foleni unalipa ya kwanza unayoiona. Na angalia kampuni iliyoandikwa kwenye hati kama ina leseni ya tume ya bima ya Meksiko, inayoitwa CNSF. Aliyekuuzia ni wakala tu. Anayelipa ni kampuni iliyo kwenye karatasi.

USICHANGANYE BIMA NA KIBALI

Ukiishia Tijuana au Rosarito, hutakiwi kuwa na kibali cha kuingiza gari kwa muda. Peninsula yote ya Baja California iko hivyo. Lakini ukivuka Texas na kwenda ndani, tuseme Tonalá kule Jalisco kufuata ufinyanzi, unahitaji kibali kutoka Banjercito, na unaweka amana. Gari la 2007 kuja juu ni dola 400, la 2001 hadi 2006 ni 300, la zamani zaidi ni 200. Amana inarudi ukirudisha kibali kabla muda haujaisha. Ukisahau, imekwenda, na gari linaweza kukamatwa na forodha ukirudi kulitumia kule. Kibali siyo bima na bima siyo kibali. Kwenye mtaji wa safari hiyo, amana ihesabu kama hela iliyofungwa.

Na ukirudi Marekani, mzigo wa kuuza utangaze kama mzigo wa kuuza. Ule msamaha wa dola 800 ni kwa vitu vya matumizi yako, siyo vya dukani.

UKIGONGA AU UKIGONGWA

Simama. Piga 911 kama kuna aliyeumia. Kisha piga namba ya kampuni ya bima iliyo kwenye hati, ukiwa hapo hapo. Watamtuma mtu wao, anaitwa "ajustador", ndiye anaandika ajali na kuongea na upande wa pili. Usisaini karatasi yoyote wala kukubali makosa kabla hajafika.

Jambo la muhimu kuliko yote: ripoti ukiwa bado Meksiko. Hati nyingi zinataka hivyo. Ukivuka kurudi nyumbani na gari limebonyea halafu ndiyo upige simu, umejinyima mwenyewe.

Gari likikuharibikia tu barabarani bila ajali, piga 078. Ni Malaika wa Kijani, gari za serikali za kusaidia wasafiri kwenye barabara kuu. Na kampuni ikikataa kulipa bila sababu ya kueleweka, malalamiko yanapelekwa CONDUSEF, ofisi ya serikali ya kuwatetea wateja wa benki na bima.

Chapisha hati, weka nakala kwenye gari na picha kwenye simu. Simu ikizima chaji ndiyo siku utakayoihitaji karatasi.

KAZI YA LEO

Chukua daftari. Andika safari zako tatu za mwisho: mzigo, mafuta, bima, barabara, maegesho. Gawanya jumla kwa idadi ya vitu ulivyorudi navyo. Ile namba ndiyo bei halisi ya kununulia. Kama bei unayoposti haiachi kitu juu ya hiyo pamoja na boksi na posta, pandisha bei au punguza safari. Mteja akiuliza kwa nini imepanda, mwambie ukweli: gharama za kuvuka zimepanda.

Ila usije ukaipata faida kwa kuvuka bila bima. Chungu kikivunjika utanunua kingine. Mtu akiumia barabarani, hiyo hailipwi kwa mauzo ya vyungu.

Mtumie posti hii mwenzako anayevuka wiki hii, na kwenye maoni tuambie: kwenye mzigo wako, bima inakula senti ngapi kwa kila kitu kimoja?